Pamba ya Lamu na ubora wa nyuzi zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila msimu kutoka kwa wakulima wa Mpeketoni, Hongwe, Hindi na Witu, na siku hizi pia kutoka kwa watoto wao waliosomea kilimo. Majibu yanafuata utafiti unavyosema. Palipo na maoni yangu, nimeyasema wazi kuwa ni yangu.

Mimi nauza kwa kilo. Ubora wa nyuzi unanihusu nini?

Ni kweli kwamba mizani haijui ubora. Lakini mnunuzi anaujua, na anajua pia kwamba gunia lolote analoletewa linaweza kuwa na pamba iliyolowa, majani makavu na vipande vya kamba ya nailoni. Kwa hiyo anapanga bei yake kwa kufikiria gunia baya, halafu anaitumia bei hiyo hiyo kwa magunia yote. Mwenye pamba safi ndiye anayelipia uchafu wa jirani. Hapo ndipo ubora unapokuhusu, hata kama hakuna mtu aliyewahi kukuonyesha karatasi ya vipimo.

Wataalamu wakisema "ubora" wanapima nini?

Vitu kama saba: urefu wa nyuzi, usawa wa urefu huo, nguvu, maikronea, rangi, uchafu, na vifundo vidogo vya nyuzi zilizojiviringa. Siku hizi karibu vyote hupimwa na mashine moja iitwayo HVI, ambayo humaliza sampuli kwa muda mfupi sana ukilinganisha na mchambuzi wa zamani aliyekuwa akivuta pamba kwa vidole karibu na dirisha.

Urefu ndio unaotazamwa kwanza. Pamba inayolimwa kwetu ni *Gossypium hirsutum*, ile inayotoa takriban asilimia 90 ya pamba yote duniani, na nyuzi zake mara nyingi huwa kati ya milimita 26 na 30. Ile inayosifiwa kwa jina la Misri ni jamii nyingine, *Gossypium barbadense*, ambayo hupita milimita 34. Nyuzi zikiwa ndefu, kiwanda kinaweza kusokota uzi mwembamba usiokatika. Zikiwa fupi, utapata uzi mnene wa kufaa gunia au kitambaa cha kufutia.

Maikronea ndiyo inayowachanganya watu. Bonge la nyuzi lenye uzito maalumu huwekwa ndani ya kikombe na hewa hupitishwa. Hewa ikipita kwa shida, nyuzi ni nyembamba au bado changa. Ikipita kwa urahisi, nyuzi ni nene. Soko la dunia hukubali 3.5 hadi 4.9, na hupenda zaidi 3.7 hadi 4.2. Ikishuka chini ya 3.5, mara nyingi maana yake ni kwamba nyuzi hazikukomaa, na nyuzi changa hazishiki rangi: ukiona shati la buluu lenye vidoa vyeupe kama punje za unga, asili yake huwa ni hiyo. Ikipanda juu ya 4.9, nyuzi chache ndizo zinazoingia katika unene wa uzi mmoja, na uzi unakuwa dhaifu.

Uzi wa pamba hutengenezwa lini? Wakati tumba linapopasuka?

Hapana, wakati huo kazi imeshakwisha. Hili ndilo jibu refu kuliko yote hapa, kwa sababu ukilielewa, nusu ya maswali yanayofuata utaweza kuyajibu mwenyewe.

Kila uzi wa pamba ni seli moja tu ya ngozi ya mbegu. Asubuhi ua linapochanua, likiwa jeupe la maziwa, baadhi ya seli za ngozi ya mbegu changa huanza kuchomoza nje. Kesho yake ua limegeuka waridi, na ndani ya kitumba kazi imeanza. Kwa wiki tatu hivi za mwanzo seli hizo hufanya jambo moja tu, kurefuka. Ukuta wake ni mwembamba mno na ndani mna maji, na shinikizo la maji hayo ndilo linalousukuma uzi urefuke, kama pulizo refu linalojazwa pumzi. Maji yakipungua ardhini katika wiki hizo, shinikizo hushuka na uzi husimama pale ulipofika. Hakuna mvua ya baadaye itakayourefusha tena.

Kuanzia siku ya 16 hadi ya 20 hivi tangu ua kuchanua, seli hubadili kazi na kuanza kujijaza selulosi kwa ndani, tabaka baada ya tabaka, mpaka siku ya 40 au 50. Hapo ndipo unene, ukomavu na nguvu hupatikana. Uzi uliokomaa ni selulosi kwa takriban asilimia 95. Tumba linapopasuka, maji hukauka, uzi hubonyea na kujisokota, na misokoto hiyo midogo ndiyo inayofanya nyuzi zishikane kiwandani.

Sasa chukua kalenda ya Lamu. Pamba huchukua siku 50 hadi 60 tangu kupandwa mpaka ua la kwanza. Aliyepanda mwanzo wa Aprili, masika yakianza kushika, maua yake hufungua kuanzia mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, ardhi bado ina unyevu. Aliyesubiri mpaka mwisho wa Mei kwa sababu alikuwa akimaliza mahindi kwanza, maua yake yanakuja mwisho wa Julai, mvua imeondoka na kusi linakausha udongo. Mbegu ni ile ile, shamba limepakana na la jirani, na nyuzi zake ni fupi. Kisha watu husema mbegu ilikuwa mbovu.

Jambo moja tumebarikiwa nalo: hatuna baridi ya usiku. Katika nchi za miinuko, usiku wa baridi huchelewesha kujazwa kwa selulosi na maikronea hushuka. Pwani yetu usiku ni wa joto, kwa hiyo ukiona nyuzi changa hapa, tafuta sababu kwenye maji, wadudu au mbolea.

Ni mbegu ipi inayofaa huku kwetu?

Kwa muda mrefu aina iliyopendekezwa upande wa mashariki mwa Bonde la Ufa, Pwani ikiwemo, ni HART 89M, iliyochukua nafasi ya UKA 59/240 ya zamani. Upande wa magharibi wanapanda KSA 81M. Utafiti wa mbegu za pamba uko chini ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, na kituo chao cha Mtwapa ndicho kilicho karibu zaidi na sisi, ingawa kazi kubwa ya pamba hufanyika Mwea. Ukaguzi na uthibitishaji wa mbegu ni kazi ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea.

Shida ya mbegu kwetu imekuwa mchanganyiko. Mbegu ikitoka moja kwa moja kiwanda cha kuchambua pamba, ambako pamba ya kila shamba hupita katika mashine moja, unapata aina mbili tatu ndani ya gunia moja. Shambani hutaona kitu, miche yote ni ya kijani. Lakini nyuzi zitakazotoka zitakuwa za urefu tofauti, na hapo kile kipimo cha usawa wa urefu kinaanguka. Kiwanda cha kusokota huchukia kukosa usawa kuliko hata ufupi, kwa kuwa mashine ikishapangwa kwa nyuzi za milimita 29, zile za 24 hugeuka vumbi na takataka.

Kwa nini majani ya pamba yetu yana manyoya?

Kuna panzi wadogo wa kijani wanaoishi chini ya majani na kufyonza utomvu, wataalamu huwaita jasidi. Zamani waliizuia pamba kabisa kustawi katika sehemu nyingi za Afrika. Katika miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika Kusini, watafiti waliona kwamba mimea yenye majani ya manyoya haiguswi sana, maana jasidi hushindwa kutaga mayai kwenye mishipa ya jani. Wakachagua na kuchagua mpaka wakapata aina iliyoitwa U4, na damu yake imeenea katika pamba nyingi za bara hili.

Lakini manyoya yana gharama yake. Inzi weupe huyapenda. Na vipande vya majani yenye manyoya vikianguka kwenye pamba iliyopasuka, havitoki kirahisi, vinashikilia. Kwa hiyo mtafiti aliyekuokoa na jasidi amekuongezea kazi ya usafi. Mimi naona biashara hiyo ililipa, kwa sababu pamba yenye vipande vya majani ni bora kuliko kukosa pamba. Ila ndiyo sababu ya kuvuna kwa makini zaidi huku kuliko video za Marekani zinavyoonyesha.

Pamba ya Bt ina nyuzi bora zaidi?

Bt yenyewe haigusi uzi. Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha pamba hii Desemba 2019, na mbegu zikaanza kuwafikia wakulima 2020. Ni mbegu chotara zenye jeni mbili kutoka kwa bakteria wa udongo, *Bacillus thuringiensis*, zinazotengeneza protini za Cry1Ac na Cry2Ab. Funza wa vitumba akila jani au tumba, protini hizo huharibu utumbo wake na anakufa. Tumba ambalo halikutobolewa hukomaa vizuri, na hivyo ubora unaweza kupanda kwa njia hiyo ya mzunguko.

Mambo matatu watu huyasahau. La kwanza, Bt haiui wadudu wanaofyonza: vidukari, jasidi, inzi weupe na kangambili wote wanaishi raha mustarehe juu yake, kwa hiyo anayeacha kabisa kukagua shamba atalia. La pili, ni chotara. Ukiweka mbegu ya msimu huu upande msimu ujao, mimea itatoka ya kila namna, mirefu kwa mifupi, na nyuzi zake vivyo hivyo. Unarudi kwenye tatizo la usawa nililolieleza juu. La tatu, funza hujifunza. India ilianza kupanda Bt mwaka 2002, na kufikia 2010 funza mwekundu wa Gujarat alikuwa amezoea Cry1Ac. Baadaye akaizoea hata mbegu yenye jeni mbili. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kupanda mistari ya pamba ya kawaida pembeni, ili wadudu wasiozoea wabaki na kuzaana na wale waliozoea. Kwa shamba la ekari mbili mkulima huona hiyo ni kupoteza mistari. Namuelewa, lakini India imeshatuonyesha mwisho wa njia hiyo.

Pamba yangu ina madoa ya manjano na kahawia ingawa sikunyeshewa. Ni nini?

Tazama kwanza kama una mbuyu au msufi karibu na shamba.

Kangambili ni yule mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi, ambaye mara nyingi utamkuta wawili wameshikana mkia kwa mkia. Huchoma tumba bichi ili kufyonza mbegu, na mdomo wake huingiza kuvu ndani. Kuvu huyo ndiye anayetia doa, na doa limeshaingia kabla tumba halijapasuka. Hakuna kuosha. Mbegu nayo hupungua mafuta na uwezo wa kuota.

Mbuyu, msufi na pamba ni ndugu katika jamii moja ya mimea, na bamia naye yumo. Msimu pamba isipokuwepo, kangambili huishi chini ya mibuyu akila mbegu zilizoanguka. Sisemi mtu akate mbuyu; mti wa miaka mia kadhaa haukatwi kwa ajili ya mdudu. Lakini shamba lililo karibu na mbuyu likaguliwe mapema zaidi, matumba yakianza tu kuumbika, na pamba iliyopasuka isiachwe wiki tatu mtini.

Kwa nini afisa wa kilimo husisitiza tung'oe mabua? Si yatachipua tena na kutupa pamba ya bure?

Yatachipua, na pamba hiyo ya bure ndiyo itakayolisha funza mwekundu mpaka msimu ujao. Mdudu huyu chakula chake ni finyu, karibu pamba peke yake na bamia kidogo. Baada ya mavuno hujificha ndani ya mbegu na matumba makavu yaliyobaki shambani, akisubiri. Mkulima mmoja akiacha mabua yake, kazi ya majirani kumi imeharibika. Ng'oa, lundika, choma, na shamba lipumzike bila pamba kwa miezi miwili au zaidi. Ukiwaruhusu ng'ombe wa wafugaji waingie kula mabaki kwanza ni vizuri, ila mwambie mwenye ng'ombe ukweli kuhusu dawa uliyonyunyizia na siku uliyoinyunyizia.

Nikinyunyizia dawa mara nyingi zaidi, si pamba itakuwa safi zaidi?

Sudan ilijaribu. Katika mradi wa Gezira, miaka ya 1970 na 1980, dawa zilimiminwa kwa wingi, zikaua buibui na wadudu wote waliokuwa wakila inzi weupe, na inzi weupe wakafurika. Wadudu hawa na vidukari hutoa kinyesi chenye sukari, kinachodondokea pamba iliyo wazi. Pamba hiyo hunata kwenye mashine za kusokota mpaka zisimame. Jina la pamba ya Sudan liliharibika sokoni kwa miaka, na nyuzi zenyewe zilikuwa nzuri. Kagua kwanza, hesabu wadudu, halafu ndipo uamue.

Mbolea ipi inasaidia nyuzi?

Samadi iliyoiva, kwanza. Kwa nyuzi hasa, kirutubisho kinachotajwa zaidi ni potasiamu, kwa sababu ndiyo inayosaidia kushika lile shinikizo la maji ndani ya seli wakati wa kurefuka. Ikikosekana, nyuzi hufupika, maikronea hushuka na majani huonekana kuungua kingo mapema. Ardhi za mchanga hupoteza potasiamu haraka, na mkulima anayenunua mbolea ya naitrojeni peke yake kila mwaka huikamua zaidi. Naitrojeni ikizidi pia mmea hujaa majani, huchelewa kukomaa, na matumba ya mwisho yanakutana na mvua za vuli.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Yanaweza kumwagilia pamba?

Pamba huvumilia chumvi kuliko mahindi na maharagwe. Vipimo vinavyotumika na wataalamu wa udongo huonyesha kwamba mavuno yake hayaanzi kupungua mpaka chumvi ya udongo ifike desisimeni 7.7 kwa mita. Lakini uvumilivu huo ni wa mmea mkubwa. Mbegu inapoota ni dhaifu, kwa hiyo otesha kwa maji ya mvua.

"Safi" na "fifi" hutenganishwa vipi, na kwa nini shambani badala ya ghalani?

Haya ni majina ya madaraja ya pamba yaliyozoeleka Afrika Mashariki. Safi ni pamba nyeupe, kavu, iliyopasuka vizuri, isiyo na majani wala doa. Fifi ni iliyobaki: yenye madoa, iliyoliwa, isiyofunguka sawasawa, iliyoanguka chini.

Kutenganisha ghalani ni kujidanganya. Mkono ukishachuma tumba bovu na zuri na kuyatupia gunia moja, yakishindiliwa na kukaa siku tatu, nani atakaa kuyachambua? Mvunaji avae aproni yenye mifuko miwili, mmoja wa safi na mmoja wa fifi, na uamuzi ufanywe pale pale kwenye mti, tumba likiwa bado mkononi. Asubuhi angoje umande ukauke. Achume pamba peke yake, vidole vikiingia kwenye tumba na kuvuta vipande vyote kwa pamoja, maganda makavu yakibaki mtini. Apitie shamba kila baada ya siku 10 hadi 14, sio mara moja mwisho wa msimu.

Hapa nina malalamiko yangu. Kibarua analipwa kwa kilo. Majani yana uzito, umande una uzito, na tumba lililooza lina uzito. Tunamlipa mtu alete uchafu, halafu tunamlaumu kwa kuuleta. Nimeona kikundi kimoja kikilipa shilingi chache zaidi kwa kilo ya mfuko wa safi, na tofauti ilionekana kwa macho ndani ya wiki ile ile.

Kosa gani la baada ya kuvuna linaharibu zaidi?

Magunia ya plastiki, yale ya kusokotwa ya polipropilini yaliyobeba sukari au mbolea. Nyuzi zake huchanika na kuingia kwenye pamba. Hazionekani. Kiwanda kinachambua, kinasokota, kinafuma, na siku kitambaa kinapotiwa rangi ndipo mistari myeupe inatokea, maana polipropilini haishiki rangi ya pamba. Kitambaa kizima kinashushwa thamani kwa sababu ya kamba ya kufungia gunia kule Hindi. Tumia mifuko ya kitambaa cha pamba. Hata shuka kuukuu ni bora. Nyuzi zake zikiingia si tatizo, ni pamba kwa pamba, ilimradi ni nyeupe.

Mengine ni ya nyumbani: kuku kulala juu ya pamba, nywele zilizosukwa karibu na ghala, kanga iliyochakaa inayoacha nyuzi za rangi, kibatari kinachomwaga mafuta ya taa. Na unyevu. Pamba yenye mbegu isiwekwe ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 12. Ukitia mkono katikati ya lundo ukasikia joto, ujue inaungua polepole, inageuka manjano, na mbegu inakufa.

Kiwanda cha kuchambua nacho kinaweza kuharibu?

Sana. Mashine za msumeno ni za haraka lakini hukata nyuzi, hasa pamba ikiwa imekaushwa kupita kiasi. Mashine za rola ni za polepole na huuhurumia urefu, ndiyo maana pamba ndefu huchambuliwa kwa rola. Kwa kawaida kilo tatu za pamba yenye mbegu hutoa kilo moja ya nyuzi na kidogo zaidi, yaani asilimia 33 hadi 38. Tafiti za mbegu huangalia asilimia hii pia, kwani mkulima hulipwa kwa pamba yenye mbegu ila kiwanda huishi kwa nyuzi.

Naweza kupima urefu wa nyuzi mwenyewe, bila mashine?

Unaweza, na wazalishaji wa mbegu walifanya hivyo kwa miongo mingi. Toa mbegu moja kutoka katikati ya kipande cha pamba, nyuzi zake zikiwa bado zimeshika. Zigawanye kulia na kushoto kufuata mstari ulio ubavuni mwa mbegu. Shika mbegu kwa vidole viwili na uchane nyuzi kwa kitana cha meno ya karibu, ukianza kwenye ncha, taratibu, kisha ukisogea kuelekea mbegu. Ukianzia kwenye mbegu utazing'oa. Zikitanda pande zote mbili, ziweke juu ya kitambaa cheusi na upime kwa rula kutoka ukingo wa mbegu hadi pale nyuzi zinapoanza kuwa haba. Rudia kwa mbegu kadhaa za mimea tofauti, matumba ya chini, kati na juu. Namba yako haitalingana kamili na ya HVI, lakini itakuonyesha wazi tofauti kati ya pamba ya Aprili na ya mwisho wa Mei.

Nguvu usijaribu kuipima kwa kukata kwa mikono. Pamba hupata nguvu ikiwa na unyevu, na hewa ya Lamu ina unyevu mwingi. Maabara huweka chumba kwenye nyuzi joto 20 au 21 na unyevu wa asilimia 65 kabla ya kupima chochote, ili pamba ya pwani na ya bara zihukumiwe sawa.

Sufi ya msufi inaweza kusokotwa kama pamba?

Kwa shida sana. Nyuzi za sufi huota kwenye ukuta wa tunda, si kwenye mbegu. Ndani ni tupu, nje zina nta na utelezi, na hazijisokoti zikikauka, kwa hiyo hazishikani. Ndiyo maana tunazijaza kwenye mito na magodoro, na ndiyo maana zamani zilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini: hazinywi maji.

Mashudu ya pamba ni salama kwa mifugo?

Kwa ng'ombe na mbuzi wakubwa, kwa kiasi, ndiyo. Kwa kuku, ndama wachanga na nguruwe, jihadhari. Mbegu ya pamba ina gosipoli, sumu ambayo mmea huitumia kujilinda na wadudu. Wanyama wanaocheua huipunguza makali tumboni, wengine hawawezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitengeneza pamba ambayo mbegu zake hazina gosipoli ya maana huku majani yakibaki nayo, na Marekani iliiruhusu ilimwe mwaka 2018. Kwetu bado, kwa hiyo kuku wako mwache na mahindi.

Ni kweli pwani hii ilifuma nguo zake yenyewe zamani?

Ni kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alitaja nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Pate, hapo ng'ambo tu, ilijulikana kwa vitambaa vya hariri ambavyo Wareno walivinunua.

Vuli imenyesha na pamba yangu ilikuwa imepasuka. Naweza kuiokoa?

Mvua moja fupi, jua likifuata siku hiyo hiyo, haina madhara makubwa. Iache ikauke mtini kisha uichume. Ikinyeshewa siku mfululizo, kuvu huanza kuila, weupe unageuka kijivu na nguvu hupungua; kuikausha kunazuia isizidi kuharibika, lakini weupe haurudi. Ichume kando, itandaze juu ya turubai mahali penye upepo, igeuze mara kwa mara, na uiuze kama fifi. Usiichanganye hata gunia moja na safi.

Mbegu zake usizipande kabla ya kuzijaribu. Hesabu 100, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, ziweke kivulini na kitambaa kisikauke. Baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya nusu, peleka kwa wakamua mafuta, na tafuta mbegu nyingine mapema kabla ya masika.